Mabaharia Wasiofunguka

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu, 8 Machi 1999

Kaka Ngowa,

Nakusalimu kwanza, maana hata mtu akiwa mbioni salamu ina haki yake. Hujambo? Nairobi haijambo? Haya, sasa niache nilie.

Ijumaa tuliihamishia programu yako kwenye ile kompyuta mpya ya tovuti, kama ulivyotupangia kabla hujaacha kazi hapa, ili wenye meli walioko ng'ambo wawaone mabaharia wetu kwa mtandao. Ukurasa ukafunguka, jina la wakala wetu wa mabaharia likatokea kwa rangi, mwenyewe Bwana Barnabas akapiga makofi peke yake. Lakini ukitafuta jina la baharia yeyote, Java, hiyo lugha yako ya kompyuta, inatoa kosa: muundo wa Baharia ulioko hapa haupatani na ule uliohifadhiwa. Chini yake nambari mbili ndefu zisizofanana. Mafaili yote yapo, nayaona. Hakuna hata moja linalofunguka.

Ingekuwa wiki nyingine ningesema subira. Lakini kuna meli, MV Delmira. Iliondoka Karachi kuja huku na tangu Jumatano haijibu redio. Mwenye meli yuko ng'ambo, simu yake inalia tu. Unajua wanaume wetu walivyo: wanapandia meli moja hapa, huko mbele wanahamishiwa nyingine. Wakipiga simu ndipo Bwana Barnabas huandika kwenye kompyuta nani yuko meli gani, anaandika palepale na kusahau palepale. Na daftari za zamani mvua za El Nino ziliingia stoo zikaoza zote. Kwa hivyo leo benchi limejaa wake zao na mama zao, wanauliza neno moja tu: wangu yumo? Nami nasema ngojeni kidogo, mtambo unasumbua. Mama mmoja wa Makupa akaniuliza kama huo mtambo nao una mtoto baharini.

Dadako Stacy alikuja pia kutoka Buxton. Mumewe Kenga alimpigia mwisho Januari, akamwambia huenda akahamishwa. Hakumwambia meli gani.

Niambie nifanye nini. Nilifuata maelezo yako neno kwa neno, sikubadilisha kitu. Na usinipigie simu, tafadhali. Iko mezani kwa Bwana Barnabas, mbele ya benchi, nikifungua mdomo tu wote wananyamaza wanisikilize. Andika, upeleke basi la jioni. Nitaichukua mwenyewe kituoni.

Mapenzi


Nairobi
Jumanne, 9 Machi 1999

Dada Mapenzi,

Sijambo. Stacy alinipigia kazini jana, akalia hadi yule wa mapokezi akanionea huruma akaniachia simu. Shemeji Kenga ndiye aliyenisomesha chuo kwa mshahara wake wa baharini, hilo unalijua. Kwa hivyo mimi pia niko kwenye hilo benchi lako, ila nimekalia kiti cha Nairobi.

Sikiliza. Kila baharia kwenye programu ni kifurushi: nafasi ya jina, ya kipande chake cha kitambulisho, ya meli, ya mke. Java inapokihifadhi kifurushi inakifunga na kukipiga nambari, na hiyo nambari inatokana na muundo wenyewe. Ukija kukifungua inalinganisha nambari ya kifurushi na ya muundo ulio nao. Zikitofautiana, inakataa. Haijali umekasirika au una benchi la watu. Kwa hivyo nambari mbili maana yake ni moja tu: muundo ulioko kwenye kompyuta mpya si ule wangu. Mtu ameugusa.

Wewe umesema hukubadilisha kitu, basi ni Ronny. Yule kijana wa mitambo hawezi kuona skrubu bila kuilegeza. Nimemwandikia Bwana Barnabas leo leo, amwondoe Ronny kwenye hiyo kompyuta mpaka tujue alifanya nini.

Dawa ipo na ni rahisi. Programu yangu ya asili, kama nilivyoiacha, iko kwenye disketi nyumbani kwa Stacy, kabati la vyombo, ndani ya kopo la biskuti. Hapa sina nakala, nilihama na nguo tu. Ukipata barua hii nenda Buxton, ichukue, iweke mahali pa hiyo iliyoharibiwa. Kila kifurushi kitafunguka. Robo saa utakuwa na majina.

Jambo moja: usihifadhi chochote kwanza. Soma tu.

Ngowa


Kibokoni, Mombasa
Alhamisi, 11 Machi 1999

Kaka Ngowa,

Nashukuru kwa maelezo, umeyaeleza vizuri hata mimi mzito nimeelewa.

Buxton nilikwenda jana lakini sikumkuta Stacy. Majirani hawakujua alikokwenda. Nitajaribu tena. Kwani hakuna njia nyingine? Nilikuwa nafikiri, je, hiyo nambari haiwezi kuandikwa kwa mkono, ile ya zamani, ili Java idhani ni muundo uleule? Kama inawezekana nieleze, huenda hata disketi tusiihitaji.

Ronny amesimamishwa kazi. Bwana Barnabas alimsomea barua yako mbele ya watu. Kijana wa watu aliapa hakugusa, akaulizwa kama anamwita Ngowa mwongo. Akachukua mfuko wake wa bisibisi akaenda zake.

Hapa hali ni mbaya. Delmira bado haijibu. Watu wa redio wamekuja kutaka majina, na Bwana Barnabas anataka kuwatajia kila baharia aliyewahi kufanya kazi na mwenye meli huyo. Nimemsihi asifanye. Kuna watu watakaa matanga ya wanaume walioko salama Durban wanakula samaki.

Nieleze hiyo njia ya nambari, tafadhali.

Mapenzi


Nairobi
Ijumaa, 12 Machi 1999

Mapenzi,

Sikusalimu leo.

Nimempigia Stacy. Hajatoka nyumbani tangu Jumatatu. Mdogo ana surua, na simu ya jirani iko mlango wa pili, hataki kuwa mbali nayo. Majirani hao hao unaosema hawakujua alikokwenda ndio wanaomletea maji. Anasema alikuona dirishani Jumatano, ulifika mpaka mlangoni ukasimama, ukageuka. Alidhani umekuja na habari mbaya ukaogopa kuisema. Unajua siku nzima aliipitishaje?

Njia ya nambari ipo. Unaandika nambari ya zamani kwa mkono ndani ya muundo mpya na Java inapita pale mlangoni. Lakini kama nafasi yenyewe imebadilishwa, iliyokuwa ya jina moja ikafanywa kitu kingine, itagoma hatua ya pili. Kwa hivyo siwezi kukusaidia bila kujua ni nafasi gani iliyoguswa. Ronny hawezi kuwa alijua hata mahali pa kuifungua, nimelifikiria hilo, na sasa naona nimemtia kijana matatani bure. Anayejua kuifungua ni mimi niliyeandika na wewe niliyekufundisha. Mimi niko huku.

Umebadilisha nini, Mapenzi? Na disketi inakutisha nini?

Stacy amechoka kungoja. Jumatatu mama mkwe atashika watoto, naye ataileta disketi mwenyewe na kukaa hapo mpaka faili la Kenga lifunguliwe mbele yake.

Ngowa


Kibokoni, Mombasa
Jumamosi, 13 Machi 1999

Kaka Ngowa,

Nimekudanganya. Ni mimi. Wallahi nina aibu hata ya kuandika, lakini sasa nitakwambia yote, na ukiniona mtu mbaya utakuwa na haki.

Mwezi wa Novemba, kabla hajasafiri, Kenga alikuja ofisini. Alikuwa amesilimu, na alikuwa amemuoa Mwanakombo, binti wa mamangu mdogo, hapa hapa Kibokoni. Siku ya nikaha nilikuwapo, biriani nilipika mimi. Alituapisha tunyamaze mpaka arudi amwambie Stacy kwa mdomo wake. Siku ile ofisini akanitaka nimwandike Mwanakombo awe mke wa kujulishwa, likitokea la kutokea. Alisema Stacy ana ndugu na kanisa na cheti cha ndoa, hatakosa wa kumwambia. Mwanakombo hana ila yeye.

Sasa, kaka, wewe kwenye muundo wako uliweka nafasi moja ya mke. Sikulaumu, umelelewa kanisani Kaloleni, mwanamume kwako ana mke mmoja na kazi imekwisha. Lakini ofisi iko Kibokoni! Nusu ya wazee wanaokuja hapa wana nyumba mbili. Tangu mwanzo nilikuwa nawauliza, tumwandike yupi, nao wanacheka wanakuna kichwa. Nilipomwandika Mwanakombo, Stacy alifutika. Nilimwona akitoweka kwenye kioo, kwa kidole changu mwenyewe. Kesho yake nikakutana naye sokoni akanibebea mfuko wa viazi.

Jambo lile lilinikaa rohoni. Nilipokuwa naitayarisha programu ya kompyuta mpya, nikaifungua, nafasi ya mke nikaifanya iwe orodha, waingie hata wanne. Nikasema mafaili yakishahamia nitamrudisha Stacy mahali pake na hakuna atakayejua. Ikakubali bila neno, nikafurahi, nikafuta ya zamani. Sikujua Java inahesabu hivyo. Nilidhani natengeneza.

Sasa umeelewa kinachonitisha. Disketi yako itafungua kila kitu kama kilivyokuwa, nafasi moja, na kwenye faili la Kenga nafasi hiyo ina Mwanakombo. Bwana Barnabas husoma kwa sauti: jina, meli, mke. Na Stacy atakuwa amekaa benchini. Kama Kenga yumo melini, atasikia mambo mawili kwa pumzi moja.

Bwana Barnabas nimemwambia ni mimi niliyeharibu. Sababu sikumwambia. Alinitukana mpaka akakohoa, kisha akanituma nikamwombe Ronny msamaha nyumbani kwao. Ronny amerudi kazini. Hasemi nami.

Kuna wake wa watu wanangoja na mimi nimewakalia wiki nzima kwa siri isiyokuwa yangu. Niambie la kufanya, nami nitalifanya.

Mapenzi


Nairobi
Jumapili, 14 Machi 1999

Mapenzi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kituo cha basi, na mtu akanipiga kikumbo nikamshika shati. Sijui hata alikuwa nani. Kenga! Mimi ndiye niliyesimama nyuma yake kanisani na pete mfukoni. Nimemwita baba mbele ya wanafunzi wenzangu. Angekuwa mbele yangu ningempiga, na wakati huohuo namwomba Mungu asiwe kwenye meli ile. Sijui naomba nini hasa.

Kuhusu muundo, kosa lako ni hili: ulibadilisha kilichokuwapo. Ungekiacha kilichokuwapo vilevile, ukaongeza nafasi nyingine pembeni yake, na nambari ya zamani ukaiandika kwa mkono, vifurushi vyote vingefunguka. Cha zamani kingeingia mahali pake, kipya kingekuwa kitupu kikingoja kujazwa. Java haigombi na nyongeza. Inagomba na kunyang'anywa. Hilo utalifanya baadaye, maelezo nimeandika nyuma ya karatasi hii.

Kesho fanya hivi. Nimempigia Stacy nikamwambia asije ofisini, akupe disketi mlangoni. Iweke. Kabla hujamwita Bwana Barnabas, fungua faili la Kenga peke yako, futa jina la yule mwanamke, andika Stacy, hifadhi. Hapo ndipo usihofu kuhifadhi. Halafu waite watu wasomewe. Mengine nitakuja kuyamaliza mwenyewe. Stacy hana kifua cha kubeba yote mawili siku moja, mimi namjua, tumetoka tumbo moja.

Umesema utafanya nitakalosema. Ndilo hilo.

Ngowa


Buxton, Mombasa
Jumatano, 24 Machi 1999

Ndugu yangu Ngowa,

Mapenzi anaona haya kukuandikia, basi naandika mimi. Mtoto amepona surua, madoa yamebaki mgongoni tu.

Uliponipigia ile Jumapili ukaniambia nisiende ofisini, kwa sauti ya upole, nilijua kuna jambo mnanificha. Wewe tangu utotoni ukidanganya unakuwa mpole. Asubuhi Mapenzi alikuja. Nikamnyooshea disketi mlangoni. Hakuipokea. Akaomba kuingia, akakaa chini kwenye mkeka ingawa viti vipo, akaniambia yote, nikaha na biriani lake pia. Kisha akanipa barua yako niisome mwenyewe.

Ngowa, wewe ni mdogo wangu na nakupenda, lakini ulitaka kunifanyia nini? Mume wangu amenificha, nawe unataka kunificha kwamba nimefichwa. Nani aliyewaambia sina kifua? Nimezaa mara tatu, mara mbili baba yao akiwa Singapore. Mapenzi uliyemuona mwongo ndiye peke yake aliyenisemesha kama mtu mzima. Nilimrushia kikombe, sikwambii uongo. Kilimkosa. Baadaye tukaondoka pamoja na disketi mkobani mwangu.

Ilifunguka mara moja, kama ulivyosema. Bwana Barnabas akavaa miwani akasoma. Kila jina likitajwa mtu mmoja anaanguka na wengine wanamshika, na anayeona wake hakutajwa anaona haya kufurahi. Akafika kwa Kenga. Meli, Delmira. Akasoma na mke, akasita, akanitazama mimi niliyekuwa mbele yake, akasoma tena karibu na kioo kana kwamba macho ndiyo yenye kosa. Benchi zima lilinigeukia. Nikasema, ndivyo hivyo, endelea kusoma, wenzangu wanangoja.

Nilikuja kulia kwenye ngazi. Nililia sana, sitaki kukueleza.

Nilipomaliza ndipo likaniingia jambo. Bwana Barnabas alikuwa amewaambia wote waliotajwa, mmoja mmoja, kwa mkono begani. Lakini anayejulishwa kwa ajili ya Kenga hakuwapo. Hakuwahi kuja hata siku moja. Angekujaje? Mke wa siri angekaa benchi gani, na mimi niko hapo? Wiki nzima alikuwa amejifungia na redio. Nikamwambia Mapenzi anipeleke.

Njiani nilikuwa nimekunja ngumi. Mwanakombo alipofungua na kuniona alijua mimi ni nani, akarudi nyuma akajikinga tumbo kwa mikono miwili. Alidhani nimekuja kumpiga. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Ana mimba, Ngowa, na ni mtoto mdogo, hajafika hata umri wako. Nikamwambia, mume wako yumo kwenye ile meli. Nikajisikia nikisema mume wako. Tukakaa. Hakuna aliyejua amwambie mwenzake nini, basi Mapenzi akapika chai.

Usinielewe vibaya, sijawa malaika. Simpendi, na Kenga simjui tena. Cheti changu cha ndoa nimekitoa sandukuni nikakiweka juu ya meza, akirudi atakiona kabla ya kuona sahani ya chakula. Kama nitakaa au nitawachukua watoto turudi Kaloleni, sijaamua, na wewe usije kuniamulia. Lakini siku zile tulizongoja, Mwanakombo alikuja akakaa benchini karibu nami, maana habari ingefikia pale tu. Wanawake wa Kibokoni wakatutazama mpaka wakachoka.

Jana habari imefika. Mtambo wa Delmira ulikufa na umeme wote ukazimika, hata redio. Meli ya mafuta imewakuta wakielea mbali kabisa na njia yao, na sasa inawavuta kwenda bandari ya Salalah, Omani. Wote wazima, wamekonda tu. Benchi lilipiga vigelegele hadi watu wa barabarani wakapanda kuuliza nani anaoa.

Nahodha wa meli inayowavuta alisema kila baharia anaweza kupelekewa maneno machache kutoka nyumbani. Mapenzi ameshaitengeneza ile programu kama ulivyomwandikia: nafasi ya mke imebaki ilivyokuwa na nyingine imeongezwa pembeni. Ronny ndiye aliyemkagulia, wameanza kusemezana. Akafungua faili la Kenga mbele yetu. Mwanakombo mahali pake, na pembeni pake patupu. Akaniuliza niandikwe? Nikasema niandike, na jina la baba yangu uweke.

Halafu akauliza apelekewe maneno gani. Nilimwangalia Mwanakombo, akainamisha kichwa, akasema wewe dada ndiye mkubwa, sema wewe. Nikasema andika hivi: Kenga, wake zako wote wawili wanakusalimu, tumekaa pamoja, tunakungoja.

Saa ile ile kulikuja taarifa kwamba yamemfikia mkononi. Wenzake wote wameshajibu. Yeye mpaka sasa kimya.

Dadako,
Stacy